Umeme ulipokatika Ghana, Maersk ikapona

Juni 27, 2017, kirusi cha NotPetya kiliharibu kompyuta za Maersk, kampuni ya Denmark ambayo makontena yake hupita Mombasa na Dar es Salaam. Ililazimika kuweka upya programu kwenye kompyuta 45,000 na seva 4,000. Hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 300.

Nakala zilikuwepo. Seva takriban 150 zilitunza orodha ya watumiaji wa mtandao wake, kila moja ikinakili wenzake. Kirusi kilipoingia, zikaharibika pamoja. Ilipona moja tu, ya Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika (mgao nao una siku yake).

Mfanyabiashara wa Namanga au Tunduma anayetegemea simu "inayojihifadhi" mtandaoni yuko pale pale: faili ikifutwa kwenye simu, mara nyingi ya mtandaoni nayo hufutika.

Kanuni ya mafundi ni nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, 1 ikae mbali na ofisi. Anza na ankara, hati za forodha na daftari la madeni. Diski ya nje ichomolewe mara unapomaliza kunakili; ikibaki imechomekwa, kirusi kitaifikia.

Zamani Kiswahili kibovu kiliwaumbua matapeli. Sasa akili mnemba inawaandikia ujumbe safi, unaofanana na wa wakala wako wa forodha, na karani ataufungua tu.

Kila mwezi jaribu kufungua nakala yako kwenye kompyuta nyingine. Isipofunguka, huna nakala.