Kutoka Miombo Hadi Mafunjo: Nchi ya Kabondo-Dianda

Msomaji wa Afrika Mashariki akitajiwa Kongo, mawazo humpeleka kwenye msitu mnene wa ikweta, migodi ya shaba na kobalti, na vita vya Kivu. Vyote vipo, ila havitoshi kuieleza nchi inayoizunguka Kabondo-Dianda, mji wa teritwari ya Bukama katika jimbo la Haut-Lomami, mojawapo ya majimbo manne yaliyozaliwa Katanga ilipogawanywa mwaka 2015. Hapa hakuna msitu wa giza. Kuna miombo kama ya Tabora na Katavi, mabonde ya mito isiyo na haraka, na mbele yake maziwa na mafunjo ya Upemba. Nathubutu kusema kwamba kwa mtu anayependa kutembea kwa miguu bila kamba wala viatu vya mlimani, hii ni miongoni mwa nchi nyepesi kabisa katika ukanda wetu, na wepesi huo haukuletwa na idara yoyote ya utalii. Umeletwa na watu wanaokwenda sokoni.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kabondo-Dianda ni mji wa reli, kwenye njia inayotoka Bukama kupitia Kamina hadi Ilebo, iliyofunguliwa mwaka 1928. Upana wake ni milimita 1067, ule ule wa TAZARA. Kamina, makao makuu ya jimbo, iko kwenye uwanda wa mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Maziwa ya Upemba yako kwenye mita kama 600. Tofauti hiyo ya mita 500 imetandazwa kwenye umbali wa zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo mteremko, ukiacha vilima vya hapa na pale, miguu haiusikii. Milima ya Hakansson, upande huu wa magharibi wa bonde, si ya kumtisha mtu. Kuta za kweli ziko ng'ambo ya mashariki, kwenye uwanda wa Kibara unaopita mita 1,800. Bonde lenyewe ni mkono wa kusini-magharibi wa Bonde la Ufa, yaani ndugu wa mabonde tunayoyajua nyumbani, ila hapa ufa umejazwa maji na matope badala ya magadi.

Ushahidi ulio bora zaidi wa wepesi huo ni baiskeli. Katika sehemu kubwa ya Katanga baiskeli ya mizigo haipandwi, husukumwa, ikiwa imebebeshwa magunia ya makala (ndivyo mkaa unavyoitwa huko), samaki wakavu au madumu ya mawese. Chombo kilicholemewa hivyo hakipandi mwinuko mkali wala hakivuki korongo lenye mawe. Wasukumaji hutafuta mgongo wa kilima ulio laini, kivuko kilicho kifupi na mti wenye kivuli cha kupumzikia, na vizazi vya magurudumu na nyayo huandika uamuzi huo ardhini. Mhandisi mwenye darubini hangefanya vizuri zaidi. Mtu mwenye mfuko mgongoni akiifuata njia ya namna hiyo, kazi ya kuchagua ameshafanyiwa.

Na njia hizi ni za zamani. Kule Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wanaakiolojia walioanza kuchimba mwaka 1957 walikuta makaburi ya watu waliofua chuma na shaba na kufinyanga vyungu vya kupendeza zaidi ya miaka elfu moja iliyopita; humo mlikuwa na kauri za Bahari ya Hindi, na katika makaburi ya baadaye misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Kauri haina miguu. Kila moja ilibebwa na mtu, pengine na watu wengi kwa kupokezana, kutoka pwani yetu hadi ziwa hilo. Ufalme wa Waluba ulikua juu ya mtandao huo wa samaki, chumvi, chuma na mawese. Katika karne ya 19 Msiri, mwana wa Unyamwezi, alijijengea dola huko Bunkeya, kusini-mashariki ya hapa, na Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1873 na kutokea pwani ya Angola mwaka 1875, alikaa kwa miezi katika nchi ya Kasongo Kalombo, mfalme wa Waluba, ambako alimkuta mfanyabiashara Mwarabu, Juma Merikani, amekwisha kuweka makazi. Wote hao walikwenda kwa miguu.

Miombo ndiyo sehemu ya kwanza ya matembezi na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Miti yake haibanani; mwanga hufika chini, na baada ya moto wa kiangazi mtu huona mbali. Kati ya miti kuna vichuguu vikubwa mno, vingine virefu kuliko nyumba, vyenye kichaka chake juu. Kabla ya mvua majani machanga hutoka mekundu na ya rangi ya shaba, na mvua zikishanyesha wanawake na watoto hurudi kutoka porini na uyoga na viwavi wa kula, vitoweo vya bukari, ambao ni ugali wetu. Hata hivyo, karibu na reli miti imekatwa sana kwa ajili ya makala. Anayetaka miombo iliyokomaa sharti aiache stesheni nyuma yake.

Kisha ardhi inashuka kwenda Lualaba. Mto huu hupita kwa kishindo katika genge la Nzilo, lakini ukifika Bukama umetulia kiasi cha kubeba vyombo kwa zaidi ya kilomita 600 kuelekea Kongolo. Mbele ya Bukama unatawanyika katika maziwa, vidimbwi na matete: Upemba, Kisale na mengine kadhaa. Mtawanyiko huo nauita delta, na nitaulizwa: delta bila bahari ni delta gani? Mkazi wa Rufiji ana haki ya kucheka. Ila kinacholifanya eneo la mdomo wa mto livutie ni mpaka usiotulia kati ya maji na nchi kavu, na mpaka huo upo hapa, ila maji hupwa na kujaa mara moja kwa mwaka badala ya mara mbili kwa siku. Mvua za Oktoba hadi Aprili huyainua maziwa, njia ya miguu ikawa njia ya mtumbwi, kiangazi huirudisha. Kwenye Kisale mafunjo hujisokota yakawa visiwa vinavyoelea, na wavuvi hujenga vibanda juu yake. Humo huishi furukombe na korongo domo-kiatu.

Pingamizi si chache. Kipindupindu hakitoki kabisa katika vijiji vya maziwa, malaria ipo, na mamba wapo: maji ya kunywa yachemshwe, na kuoga ziwani kusahaulike. Kuhusu usalama, Goma iko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, lakini haitoshi kusema hivyo, maana Katanga ina wanamgambo wake, na walinzi wa Hifadhi ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, wameuawa mikononi mwao. Ndiyo maana matembezi ninayoyasifu ni ya upande wa reli na vijiji vya magharibi, si ya Kibara, na hata huko mgeni hujitambulisha kwanza kwa shefu wa kijiji na ofisi ya teritwari.

Pingamizi zito zaidi ni jingine: anayesukuma gunia la makala hatembei kwa starehe, na kuiita njia ya jasho lake matembezi ni kumkejeli. Hoja hii ina nguvu. Hata hivyo, njia za miguu za Uingereza, zilizoingizwa kwenye ramani rasmi kwa sheria ya mwaka 1949, nyingi zilikuwa za watu wa shamba, soko na kanisa. Starehe ilizikuta zipo. Tofauti ni kwamba kule mzigo ulikuwa umeshahamia kwenye gari. Hapa bado uko njiani, kwa hiyo adabu ni mgeni kuipisha baiskeli, kula sombe (kisamvu chetu) na samaki wa pale pale, na kulipa bila kunung'unika kivuko na mtu wa kumwonyesha njia.

Kwa Mtanzania njia ya asili ni Kigoma: meli hadi Kalemie, kisha reli ya Kabalo iliyounganishwa na Kamina mwaka 1956. Treni hukawia, wakati mwingine kwa siku nyingi, na viza itafutwe mapema. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo bora: njia ni kavu, nyasi zimelala, na vivuko vingi vya mabondeni hupitika bila mtumbwi.