Fungate Ngorongoro: kulala ukingoni au Karatu?

WANANDOA wengi wa mijini wanapopanga mapumziko ya katikati ya mwaka, jina la kwanza kutajwa huwa Zanzibar. Ngorongoro hutajwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni mahali palipotengwa kwa ajili ya wageni wenye dola.

Dhana hiyo haikuzuka bure. Baadhi ya vyumba vilivyo ukingoni mwa kreta ni miongoni mwa vyumba ghali kuliko vyote nchini, na bei ya usiku mmoja inaweza kuzidi mshahara wa mwezi wa watumishi wengi.

Hata hivyo, wanaoishia kuitazama bei hiyo hupitwa na jambo moja. Safari ya kreta haina bei moja, bali ina gharama kadhaa zilizofungwa pamoja, na kubwa miongoni mwake huamuliwa na swali la wapi wawili hao watalala: juu ukingoni, ndani ya lango, au Karatu, nje ya lango.

Jibu la swali hilo huamua pia saa watakayoshuka bondeni, baridi watakayokutana nayo, mfuko utakaopokea fedha zao, na mzigo watakaouacha juu ya mlima ambao maji yake hutegemewa na watu wengi.

Lami iliyobadili safari

Kutoka Arusha hadi Karatu ni mwendo wa takriban kilomita 150. Barabara hupinda kulia Makuyuni, hupita Mto wa Mbu, kisha hupanda ukuta wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likionekana chini upande wa kushoto.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kipande cha kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro kilikuwa cha vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mgeni aliyefika juu alikuwa amechoka, na hakuwa na hamu ya kurudi siku hiyo hiyo. Kulala ukingoni kulikuwa karibu lazima.

Barabara hiyo ilipowekwa lami kwa msaada wa Japani, hesabu ilibadilika. Mgeni aliweza kuamka Karatu alfajiri, akashuka kreta, akarudi mjini kabla ya chakula cha jioni. Tangu hapo hoteli, loji na kambi za mahema zimeongezeka Karatu na pembezoni mwake, za bei ya juu kwa za bei ya chini.

Ukingoni hali ni tofauti. Makazi ya wageni yalianza huko miaka ya 1930, pale ilipo sasa Ngorongoro Crater Lodge. Ngorongoro Wildlife Lodge ilijengwa miaka ya 1970, wakati Serikali ndiyo iliyokuwa ikiendesha hoteli kubwa za watalii. Serena na Sopa zilifuata miaka ya 1990.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 mpango wa kuongeza hoteli nyingine kubwa ukingoni uliachwa, baada ya Kamati ya Urithi wa Dunia kuonyesha wasiwasi wake. Kwa hiyo vitanda vya ukingoni vimebaki vichache huku wanaovitaka wakiongezeka, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya bei yake.

Gharama zilizofungwa pamoja

Wapo wanaolinganisha na kwingineko. Katika jangwa la Nevada nchini Marekani, ambako kamari ilihalalishwa mwaka 1931, hoteli za Las Vegas huweza kushusha sana bei ya chumba siku za katikati ya wiki wakati wa joto kali. Mwenye hoteli anajua kwamba fedha zitarudi kupitia meza za kamari, migahawa na maonyesho.

Ukingoni mwa Ngorongoro hakuna meza ya kamari. Baada ya giza kuingia, burudani ni moto wa kuni na mazungumzo. Chumba chenyewe ndicho kinachopaswa kulipia kila kitu: chakula kilichopandishwa kutoka Karatu na Arusha, mafuta ya gari, maji, mishahara, na ada za hifadhi.

Ada hizo zinapaswa kueleweka kabla ya kuondoka nyumbani. Ya kwanza ni ya kiingilio, inayotozwa kwa kila mtu. Mgeni kutoka nje hulipa kwa dola. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana, ambacho katika miaka ya hivi karibuni kimekuwa shilingi 10,000 kwa mtu mzima kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Kitambulisho cha taifa au pasipoti ndicho kinachothibitisha haki hiyo langoni.

Ada ya pili ni ya kushuka kreta. Hii haihesabu vichwa, huhesabu gari. Kwa magari ya kampuni za utalii imekuwa ikikaribia dola 300 pamoja na kodi, kwa kila mshuko mmoja. Hapa ndipo wanandoa wengi huumia bila kujua, kwani wawili wakiwa peke yao ndani ya gari hubeba ada yote, ilhali wakiungana na wanandoa wengine wawili au watatu, mzigo hugawanyika.

Ada ya tatu ni ya malazi, ambayo hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku anaolala ndani ya hifadhi. Mara nyingi hoteli huijumuisha katika bei yake. Anayelala Karatu haguswi na ada hii.

Viwango hubadilika, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali badala ya fedha taslimu. Ni busara kuuliza Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro au kampuni inayotoa gari kabla ya kufunga mizigo.

Saa 24 za kibali

Kibali cha kuingia huhesabiwa kwa saa 24 na kwa mwingilio mmoja. Anayetoka kwenda kulala Karatu hawezi kurudi kesho yake kwa kibali kile kile.

Kwa sababu hiyo, wanaochagua ukingo hushauriwa kuingia langoni Lodoare mchana, tuseme saa 8. Jioni hiyo hulitazama bonde kutoka juu, hulala, hushuka alfajiri, kisha hutoka langoni kabla ya saa 8 mchana wa siku ya pili. Usiku mmoja na mshuko mmoja vimetosha katika kibali kimoja.

Anayelala Karatu hufuata ratiba nyingine. Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi, na liko chini ya kilomita 20 kutoka mjini. Kutoka langoni barabara hupanda katikati ya msitu mnene hadi ukingoni, kisha huuzunguka ukingo hadi Seneto, ambako magari hushukia. Wa Karatu hufika chini wakati wa ukingoni wameshatangulia.

Tofauti hiyo ina maana kwa anayetaka kuwaona simba kabla hawajajilaza, au faru weusi wakiwa bado wazi mbugani. Wasiojali saa moja ya alfajiri hawapotezi mengi. Sakafu ya kreta ni takriban kilomita za mraba 260, na wanyama wakubwa wanaoishi humo wanakadiriwa kufikia 25,000. Twiga ndiye asiyeonekana, kwa kuwa hashuki kwenye kuta hizo zenye kina cha mita 600.

Gari lazima liwe lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Wanandoa wasio nalo wanaweza kupanda basi la kawaida kutoka Arusha hadi Karatu, wakakodi gari pamoja na dereva mjini hapo.

Chakula cha mchana huliwa karibu na chemchemi ya Ngoitokitok, wengi wakiwa ndani ya gari. Mwewe wa hapo hawana adabu: hushuka na kunyakua kipande cha kuku mkononi mwa mlaji. Nyani wa Lodoare nao hungoja dirisha lililosahauliwa wazi.

Kiangazi chenye baridi

Jambo jingine linalowashangaza wageni wa pwani ni hali ya hewa. Juni, Julai na Agosti ni miezi ya kiangazi, na mvua ni adimu, lakini ukingo uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na ukungu hufunika barabara hadi jua lipande.

Ndiyo maana hoteli za ukingoni huweka chupa ya mpira yenye maji ya moto chini ya blanketi. Karatu, iliyo chini zaidi, ina baridi ya kuvumilika, ingawa sweta ni lazima.

Miezi hiyo ndiyo pia ya wageni wengi kutoka Ulaya na Marekani, na bei hupanda. Aprili na Mei, wakati wa masika, hoteli nyingi hupunguza bei. Wawili wasioogopa tope huliona bonde likiwa la kijani na magari yakiwa machache.

Fedha huenda wapi

Karatu si kituo cha kulala tu. Ni mji wa Wairaqw na makabila mengine, wenye mashamba ya kahawa, ngano, mahindi na mbaazi. Mashamba ya kahawa ya walowezi ndiyo yaliyozaa baadhi ya loji zake. Gibb's Farm, kwa mfano, ilianza kupokea wageni mwaka 1972.

Mgeni anayelala huko hununua mboga za mkulima wa Karatu, hupanda bodaboda, hula mgahawani na humlipa kijana anayemwongoza kwa miguu hadi mapango ya tembo na maporomoko ya Endoro. Anayebaki na siku moja zaidi huweza kushuka hadi Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe na Wadatoga.

Fedha za ukingoni hupita njia nyingine. Sehemu huenda kwa mmiliki wa hoteli na sehemu kwa mamlaka, ambayo hulinda eneo la zaidi ya kilomita za mraba 8,000 na kuchangia mfuko wa Serikali.

Kilicho nyuma ya kitanda

Ngorongoro ilitengwa na Serengeti mwaka 1959 ili iwe ya matumizi mseto, yaani wanyama, wafugaji na wageni katika ardhi moja. Mwaka 1979 iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Wakazi waliokuwa takriban 8,000 mwanzoni wamefikia karibu 100,000 katika miaka ya karibuni.

Juni 2022 Serikali ilianza kuwahamishia wakazi Msomera, wilayani Handeni, ikisema wanahama kwa hiari. Baadhi ya wakazi na watetezi wa haki za binadamu walipinga maelezo hayo, na mwanzoni mwa 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume mbili kushughulikia mgogoro huo. Katika mjadala huo, swali moja limerudi mara nyingi: ikiwa mlima umeelemewa, mzigo wa hoteli na magari nao unapimwa vipi?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya maji. Msitu unaofunika miteremko ya juu ndio unaonasa ukungu na mvua. Vijito na chemchemi zake hulisha mashamba ya Karatu, Ziwa Manyara, na bonde la Eyasi ambako wakulima wa Mang'ola humwagilia vitunguu.

Ndani ya kreta, msitu wa Lerai wenye migunga ya magome ya manjano umepoteza miti mingi mikubwa katika miongo iliyopita. Watafiti wametaja sababu zaidi ya moja: chumvi kuzidi katika udongo, tembo kubandua magome, na maji baridi yanayofika msituni kupungua.

Karatu nayo haiwezi kunawa mikono. Wageni wake hutumia maji ya eneo lile lile, na wenyeji wa mji huo wamelia kwa muda mrefu juu ya uhaba na bei ya maji. Bwawa la kuogelea la loji ya mjini ni mzigo kama lilivyo beseni la kuogea la ukingoni.

Tofauti ni kwamba Karatu ni mji unaoweza kupangwa na kupanuliwa, ilhali ukingo ni mmoja. Kila chumba kinachohamia chini ya lango hupunguza taka, matangi ya mafuta na magari ya mizigo juu ya msitu.

Kwa asili, neno fungate lilimaanisha siku saba za wanandoa baada ya harusi. Kwa Ngorongoro, siku tatu zinatosha: usiku mmoja ukingoni kwa wenye uwezo, au miwili Karatu kwa wanaobana matumizi. Wa kundi la pili watalikosa bonde dirishani wanapoamka, lakini watashuka kreta ile ile, na wataiacha kwa wenyewe sehemu kubwa zaidi ya fedha zao.