Muhula Mmoja Unaompima Mwalimu: Tuwafae Vipi Mabinti Zetu?

Kila mwaka, aghalabu shule zinapofunguliwa kwa muhula wa 2, wanafunzi wa vyuo vikuu wanaosomea ualimu huziacha kumbi za mihadhara wakaingia madarasani. Miongoni mwao wamo mabinti wa Pwani waliopata shule za mbali, na wamo wenyeji wanaorudi kufundisha karibu na kwao. Juma hili tumeona vyema kuzungumza na familia zao, hasa akina mama, kwa sababu muhula huo nyumbani huchukuliwa mara nyingi kuwa ni mapumziko ya chuo, ilhali ndio mtihani mzito kuliko yote katika miaka 4 ya shahada ya ualimu.

Mfano wetu ni Burumba, katika mji wa Busia, upande wa Kenya wa mpaka wa Uganda. Ni mbali na Pwani, lakini si ugeni mtupu. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilifika katika nchi ya Wawanga, kwa Nabongo Mumia, tangu karne ya 19, na Uislamu ukaota mizizi katika sehemu hizo za magharibi. Leo, kando ya barabara iendayo Malaba, kipo Chuo Kikuu cha Alupe, kilichokuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi hadi kilipopata hati yake mwaka 2022. Ualimu ni miongoni mwa fani zinazosomeshwa hapo. Binti wa Burumba anaweza kusomea kazi hiyo bila kuhama kaunti yake, na binti wa Mombasa au Lamu anaweza kujikuta anafundisha mpakani.

Kabla ya kujiunga

Jambo la kwanza ni alama. Anayetaka kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC, awe mwalimu wa sekondari kwa njia ya shahada, hutakiwa awe na C+ kwa jumla katika mtihani wa kidato cha 4, na C+ nyingine katika kila mojawapo ya masomo 2 atakayofundisha. Wazazi wengi huitazama alama ya jumla peke yake. Binti akiwa na C+ ya jumla, lakini C tupu katika Kiswahili, kisha akachagua Kiswahili na Elimu ya Dini ya Kiislamu, atakuja kukwama mlangoni baada ya miaka 4 ya karo. Sheria ya mwaka 2012 haimruhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa. Basi hati ya matokeo na isomwe somo kwa somo, kabla fomu ya chuo haijajazwa.

Nadharia ina kazi gani?

Chuoni mwanafunzi husoma masomo yake 2 kwa kina, pamoja na saikolojia, falsafa, historia na sosholojia ya elimu, uundaji wa mitaala, upimaji, na mbinu za kufundisha. Wapo wanaouliza faida ya yote hayo kwa mtu atakayeshika chaki. Faida ipo. Mwanasaikolojia Mrusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba kati ya lile aliwezalo mtoto peke yake na lile asiloliweza kabisa, ipo sehemu ya katikati: lile aliwezalo akisaidiwa. Hapo ndipo mwalimu anapotakiwa kusimama. Asiyelijua hilo hufundisha lililokwisha kujulikana, watoto wakachoka, au lililo mbali mno, wakakata tamaa.

Kisha huja somo la majaribio. Mwanafunzi hufundisha wenzake kwa dakika chache, akizoea ujuzi mmoja tu, kama vile kuuliza maswali au kutumia ubao. Wenzake na mhadhiri humkosoa, naye huweza kulirudia. Utaratibu huu ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, katika miaka ya 1960, nao umeenea katika vyuo vingi.

Darasani Burumba

Lakini wenzako chuoni hujifanya watoto tu. Watoto wenyewe ni habari nyingine. Darasa la mpakani lina wasemao Kikhayo, Kisamia na Kiteso nyumbani, na wenye jamaa ng'ambo ya pili. Mwalimu wa Kiswahili kutoka Pwani husikia "katoto" na "kagari", akashawishika kucheka. Asicheke. Mtoto huyo anafuata kanuni ya lugha ya mama, kwani Kiluhya huonyesha udogo kwa kiambishi kinachokaribiana na hicho. Mwalimu mwerevu huandika ubaoni "mtoto, kitoto, gari, kigari, kitabu, kijitabu", akawaacha wanafunzi waitambue kanuni wenyewe. Na mwalimu wa hisabati anayo hazina sokoni: mtoto anayemsaidia mama kuuza nyanya hubadilisha shilingi za Kenya kwa za Uganda kichwani, wala hajaambiwa kwamba hiyo ndiyo hesabu ya uwiano.

Kila kipindi cha sekondari ni dakika 40, nacho hudai andalio la somo lililoandikwa: shabaha, hatua, vifaa, na namna ya kupima. Juu yake lipo azimio la kazi la muhula mzima, na rekodi ya yaliyofundishwa. Akipewa vipindi 12 kwa wiki, ni maandalio 12, ukiacha madaftari ya kusahihisha. Mhadhiri huja kumkagua, pengine bila kumwarifu siku, akaketi nyuma ya darasa na kuandika. Asiyefaulu mazoezi haya hapati shahada, hata akiwa amefaulu mitihani yote ya karatasi. Zaidi ya hayo, wengi wa mabinti hawa walisoma chini ya mfumo wa 8-4-4, na sasa watafundisha mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019. Hawawezi kuwaiga tu walimu wao wa zamani.

Nyumbani pafanye nini?

Kwanza, fedha. Muhula huu una gharama zake: chumba, chakula, karatasi za manila, na nauli ya bodaboda, chombo ambacho jina lake lilizaliwa katika mpaka huu huu. Mkopo wa HELB kwa wanafunzi wa shahada hutozwa asilimia 4 kwa mwaka, na zipo familia zinazojiepusha nao kwa ajili ya riba. Wenye msimamo huo na waanze kuweka akiba ya muhula huu tangu mwaka wa kwanza, katika chama au kwa michango ya ukoo. Si kungoja hadi wiki ya kuripoti.

Pili, wakati. Binti akifikia kwa shangazi au mama mdogo, ni adabu kusaidia kazi za nyumba. Lakini anayepika, akaosha vyombo na kulea watoto hadi saa 4 usiku, ataandika maandalio yake saa ngapi? Mwenyeji na ampe meza, taa, na saa 2 za utulivu kila jioni. Mumewe, ikiwa ameolewa, naye ana sehemu yake katika kubeba mtoto.

Tatu, masikio. Akirudi jioni amechoka, huku darasa limemshinda, asiambiwe kwamba ualimu haumfai. Kila mwalimu alianza hivyo. Aulizwe maswali mawili, ambayo hata mama asiyewahi kukanyaga chuo anaweza kuyauliza: "Leo umefundisha nini? Na umejuaje kwamba wameelewa?" Akiweza kulijibu la pili, mhadhiri na aje siku yoyote aitakayo.