Je, Wajua? Sindano ya Uzazi wa Mpango na Usahaulifu

Mwanamke wa Mtabila, Kasulu, anayechomwa sindano ya uzazi wa mpango kila miezi mitatu, akianza kusahau majina akiwa na miaka 47, huenda akailaumu sindano. Lakini utafiti wa Marekani wa mwaka 2009, uliofuatilia wanawake 2,362, ulionyesha kuwa uwezo wa kujifunza hulegea hedhi inapokaribia kukoma, kisha hurejea. Na hao walipoingia katika utafiti hawakuwa wakitumia homoni, kama ile iliyo katika sindano. Mbona basi mwaka 2003 homoni zilihusishwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu? Hiyo ilikuwa tiba ya homoni kwa wenye miaka 65 na zaidi, si dawa ya kupanga uzazi. Tena sindano mara nyingi husimamisha hedhi, hivyo huficha dalili kwamba ukomo wa hedhi unakaribia. Kabla ya kuiacha, amwone mhudumu wa zahanati: mimba bado yawezekana, na umri huo huongeza hatari za ujauzito.