Asilimia hazipandi kwa kukazisha mkono

"Mtaalamu, nikirudi kazini sasa hivi, asilimia zangu za ulemavu hazitashuka?" Kuanzia Kabuku hadi Hale, mkoani Tanga, aliyeumia kazini huniuliza hilo kabla hajauliza lini ataweza kushika panga tena. Leo nalijibu kwa maandishi ili nipumzike.

Imani yenyewe ni hii: ukiumia mkono, ufunge kitambaa, mazoezi usifanye, hata ndoo usionekane umeibeba mpaka tathmini ya fidia ipite. Mkono ukikaza, asilimia zinapanda. Ushauri huu unagawiwa bure vijiweni, na thamani yake ni hiyohiyo.

Ni upuuzi. Daktari wa tathmini hana shughuli na kitambaa. Anapima kila kiungo cha kidole: kinakunja hadi wapi ukikikunja mwenyewe, na hadi wapi akikikunja yeye. Kisha analinganisha na mkono mzima, anaangalia picha za eksirei, anasoma faili. Palipoandikwa kwamba hukuhudhuria mazoezi, anapaona. Anachokadiria ni madhara yaliyobaki mwilini baada ya matibabu, wala haulizi kama asubuhi ile umetokea kazini au kitandani.

Haya, tuseme umemdanganya. Umepata nini? Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa mara moja, kwa mkupuo. Pesa itaisha, mkono utabaki nao. Mtu aliyekuwa akilisha majani ya mkonge kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, akapoteza vidole viwili, bado ana vitatu vya kushika kalamu, ufunguo au spana. Akivifunga miezi mitano, kano zinasinyaa, navyo vinagoma. Mikono ya aina hiyo naipokea: kidonda kilipona zamani, sugu zote zimeisha kiganjani, na kikombe cha chai hakishikiki.

Na huko nyumbani unakokaa si kwamba unalipwa mshahara mzima. Malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70: wa shilingi 200,000 anapata 140,000, tena kwa miezi isiyozidi 24.

Woga huu una chimbuko lake, nakubali. Kabla Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) haujaanza Julai 2015, fidia ya ulemavu wa kudumu ilikuwa na kikomo cha shilingi 108,000. Ukishapewa, kwaheri. Sheria Namba 20 ya 2008 ilibadili mambo, ikaweka na huduma za utengamao: mazoezi, viungo bandia, kufundishwa kazi nyingine. Hizo ndizo watu hawaziombi.

Basi fanya hivi. Hakikisha mwajiri ametoa taarifa ya ajali mara moja. Dai lisivuke miezi 12. Mwambie daktari kazi yako halisi, usiseme tu "kibarua". Mazoezi yaanze pale anaporuhusu. Kama hospitali ya wilaya haina mtaalamu wa mazoezi, omba rufaa ya Bombo, hospitali ya mkoa. Omba kazi nyepesi kwa maandishi: stoo, mizani, getini, kuhesabu mizigo ya wakataji. Kazi ya zamani ikishindikana kabisa, iulize WCF kuhusu mafunzo ya ufundi. Nanyi mameneja, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri wa watu 20 na zaidi awe na asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Anzeni na wale walioumia kwenu.