Mwangwi wa Nuru: Jinsi ya Kutafuta Mahali Kebo Ilipokatika

Mwaka 1890 kebo ya telegrafu ilitandazwa chini ya bahari, ikaunganisha Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam. Zama hizo habari zilipelekwa kwa umeme ndani ya waya wa shaba. Siku hizi hupelekwa kwa nuru ndani ya nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu za kebo mbili za baharini, SEACOM na EASSy, zilidhoofisha sana intaneti nchini Tanzania. Kebo ikikatika, iwe baharini au mtaroni kwa pigo la sururu, swali la kwanza ni moja: imekatika wapi?

Kwa kebo za nchi kavu, fundi hujibu swali hilo kwa chombo kinachopeleka pigo fupi la nuru ya leza ndani ya uzi. Kioo hurudisha nuru kidogo njia nzima. Penye mkato mara nyingi hurudi mwangwi mkubwa, na baada yake hakirudi kitu.

Ndani ya kioo nuru huenda kiasi cha kilomita 204,000 kwa sekunde. Tuseme fundi yuko Dar es Salaam, anapima kebo iendayo Bagamoyo, na mwangwi unarudi baada ya sekunde 0.0004. Nuru imekwenda na kurudi kilomita 82; basi mkato uko kilomita 41 kutoka kwake.

Hata hivyo, chombo hujibu kwa kadiri kilivyotayarishwa. Kwanza, fundi huhakikisha kuwa uzi haupitishi nuru kutoka upande wa pili, kisha husafisha kiungio, kwani chembe ya vumbi huweza kuharibu kipimo. Baina ya chombo na kebo huweka uzi wa ziada, ili mng'ao wa mwanzo usifiche kasoro zilizo karibu. Pigo fupi hutenganisha kasoro zilizokaribiana. Pigo refu hufika mbali, lakini pigo la milioni moja ya sekunde huchanganya maungio mawili yasiyoachana mita 100. Hupima kwa nuru ya nanomita 1310 na ya 1550: upotevu ukizidi kwa 1550 mahali pamoja, huenda kebo imepindwa mno.

Lililo kubwa ni namba inayoonyesha jinsi kioo kinavyopunguza mwendo wa nuru. Mahali pa 1.468 ikiandikwa 1.460, kosa katika kilomita 41 hupita mita 220, na wachimbaji watafukua bure. Isitoshe, uzi huwa mrefu kuliko kebo inayoubeba. Kwa hiyo fundi hupima kuanzia kwenye maungio ya karibu yanayojulikana katika ramani.

Nuru hiyo haionekani, lakini yaweza kudhuru macho. Ncha ya uzi isichunguliwe kamwe. Vipimo vya siku kebo ilipozikwa navyo vitunzwe, maana bila hivyo fundi hana cha kulinganisha siku ya hitilafu.