Sare ya Kuazima

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Neno hilo liliwapata Warusi na Wakosaki waliovaa sare ya Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili.

Tangu Ujerumani ilipoivamia Urusi ya Kisovieti mwezi wa Juni, 1941, hata vita vilipokwisha, askari wa Kisovieti zaidi ya milioni 5 walitekwa. Zaidi ya milioni 3 walifia mikononi mwa Wajerumani, wengi kwa njaa. Wako waliojiunga na adui kwa kumchukia Stalin. Wako waliotafuta mkate tu. Wote waliitwa watu wa hiari. Lakini, ndugu wasomaji, ni hiari gani ya mtu achaguaye kati ya bunduki na kaburi?

Walivikwa koti la Kijerumani. Warusi walishonewa mkononi ngao yenye msalaba wa Mtakatifu Andrea. Wakosaki wa Don waliachiwa kofia za manyoya na suruali zenye mstari mwekundu. Alama zilikuwa zao, amri ilikuwa ya Hitler. Divisheni ya Wakosaki, iliyoundwa mwaka 1943 chini ya Mjerumani von Pannwitz, haikupelekwa kuikomboa Don, bali Yugoslavia, kuwapiga wazalendo wa huko.

Juni, 1945, huko Lienz, Austria, Waingereza waliwakabidhi Wakosaki kwa Wasovieti. Jemadari Vlasov, mkuu wa Warusi hao, alinyongwa Moscow mwaka 1946.

Akuazimaye koti ndiye akuchaguliaye njia.